Karius: usiku wa Kyiv ndio uliommaliza, au Liverpool ilikuwa kubwa kwake tangu mwanzo?

Bwana Kona (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kila Ligi ya Mabingwa ikirudi, jina la Loris Karius, kipa wa zamani wa Liverpool, linafufuliwa ili lichekwe. Mimi naona tunamwonea. Tarehe 26 Mei 2018, fainali Kyiv, Real Madrid 3, Liverpool 1. Goli la kwanza alirusha mpira kwa mkono ukagonga mguu wa Benzema, la tatu shuti la mbali la Bale likampita mikononi. Hayo nimeyaona, siyakatai. Lakini muda mfupi baada ya mapumziko, kabla ya magoli yote, alikula kiwiko cha Ramos, beki wa Real, kichwani. Wiki haijaisha akapimwa Boston, Hospitali Kuu ya Massachusetts, na madaktari wakasema alipata mtikisiko wa ubongo, na kwamba uwezo wake wa kuona na kukadiria umbali huenda uliathirika papo hapo. Mtu wa namna hiyo tunamwitaje mzembe? Bila kile kiwiko angebaki Liverpool na leo angekuwa anatajwa na makipa wakubwa wa Ujerumani. Njooni na hoja.

Kop ya Magomeni
Mkuu, mimi ni Liverpool tangu enzi za Dudek na naongea kwa uchungu: hakuwa kipa. Tulimwaga milioni thelathini kwa Mainz, klabu yake ya Ujerumani, jamaa akaja anatetemeka. Desemba 2016 Bournemouth tunaongoza 3-1, tukafungwa 4-3, la mwisho yeye ndiye aliyetema mpira Aké akamalizia. Mechi iliyofuata West Ham 2-2, kocha Klopp akamweka benchi na kumrudisha kipa mwenzake Mignolet. Kiwiko cha Ramos kilikuwa wapi siku hizo? Kuna makipa, halafu kuna yule mtoto anayewekwa golini kwa sababu hajui kucheza ndani. Huyu alikuwa wa kundi la pili.

Binti Unguja
Milioni thelathini umeitoa wapi jamani? Karius alinunuliwa pauni milioni 4.7. Aliyewagharimu ni kipa aliyemfuata, Alisson, zaidi ya milioni 60, tena Julai ya mwaka huo huo wa Kyiv. Mwanzo wa hoja yako tayari una tundu.

Kop ya Magomeni
Bei si hoja hapa dada yangu. Ningesema milioni moja, Aké asingefunga?

Nyanda wa Likoni
Wewe wa Magomeni, hebu rudia hilo la mtoto anayewekwa golini. Nimesimama golini tangu shule ya msingi mpaka ligi ya kaunti, na sikuwekwa, nilichagua. Ninyi wa ndani mkikosa goli mtupu mnashika kichwa mnacheka, dakika mbili yameisha. Mimi nikikosa, ubao wa matokeo unabadilika na watu wananifuata mpaka kwenye matatu. Usiiguse kazi usiyoijua.

Kop ya Magomeni
Sikukutaja wewe ndugu yangu. Nimemsema Karius.

Nyanda wa Likoni
Umesema "mtoto anayewekwa golini". Mtaani kwetu tunawajua kwa majina. Umetusema sote.

Mpira Mwendo
Tusimalizane wakuu. Lakini Kop ana ukweli mmoja: golini ndiko tulikopeleka wazito. Ndiyo maana Afrika Mashariki tunalia miaka yote hatuna makipa. Anayejua mpira anavaa namba kumi, anayebaki anapewa glavu zilizochanika.

Nyanda wa Likoni
Sasa hilo kosa la nani? La kipa? Huko Ujerumani mtoto anachagua glavu akiwa na miaka sita na anapata kocha wake wa makipa. Ndiyo maana wakatoka Maier, Schumacher, Kahn, Lehmann, Neuer, Ter Stegen. Hakuna hata mmoja hapo aliyewekwa golini kwa sababu ya unene.

Mbavaria
Umemtaja Kahn, na hapo ndipo hoja ya mleta mada inapokufa. Yokohama, 30 Juni 2002, fainali ya Kombe la Dunia. Kahn amebeba Ujerumani mashindano mazima. Rivaldo anapiga, Kahn anautema mpira, Ronaldo anaweka kambani. Ronaldo akaongeza la pili, 2-0. Alikuwa ameumia kidole. Kuna siku alikisingizia kidole? Alikataa katakata. Akabaki namba moja wa Bayern mpaka alipostaafu 2008. Kosa lile lile, usiku mkubwa kuliko ule wa Kyiv. Tofauti ni mtu mwenyewe.

Binti Unguja
Tofauti ni kwamba kidole si ubongo. Kidole unakijua kinauma. Kichwa kikitikisika, hicho ulichotakiwa ukitumie kujijua ndicho kilichoharibika. Kahn alikuwa na miaka 33 siku ile, ameshachukua Ligi ya Mabingwa 2001 akiokoa penalti tatu dhidi ya Valencia, na kule kwenye Kombe la Dunia walimpa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Alikuwa na akiba ya heshima ya kutosha. Karius alikuwa na 24, amepewa namba moja ya ligi mwezi Januari tu. Akiba yake ilikuwa nini?

Mbavaria
Akiba hujengwa dada. Haigawiwi.

Hala Tegeta
Nimesoma mpaka hapa mnamsema Ramos bila aibu. Tazameni tena video: Van Dijk, beki wenu wenyewe, ndiye aliyemsukuma Ramos kwa Karius. UEFA hawakumwadhibu kwa lolote. Mkishindwa fainali mnatafuta daktari.

Kop ya Magomeni
Na bega la Salah nalo lilisukumwa na Van Dijk? Ramos alimfunga mkono kwapani akaanguka naye makusudi, nusu saa imefika tu Salah anatoka analia, Lallana anaingia. Kombe la Dunia la Misri likaharibika, mechi ya Uruguay hakucheza kabisa. Usinichokoze.

Hala Tegeta
Watu wawili waking'ang'ania mpira huanguka. Salah naye alikuwa ameushika mkono wa Ramos. Halafu wewe si ndiye umesema kiwiko hakihusiki na Karius hakuwa kipa? Sasa Ramos kawa mhalifu tena?

Kop ya Magomeni
Ramos ni mhalifu NA Karius hakuwa kipa. Yote mawili yanakaa pamoja vizuri kabisa.

Hala Tegeta
Ramos mwenyewe alisema kilichobaki ni Firmino kudai kapata mafua kwa tone la jasho lake. Alijua mtakuja hivi.

Binti Unguja
Na kauli hiyo ndiyo inayonifanya nisimsamehe mpaka kesho. Mtu mzima anafanyia mzaha kichwa cha mwenzake.

Bwana Kona
Wakuu, Salah ana uzi wake. Tuongelee makipa.

Mpira Mwendo
Uzi ni wa Ramos sasa mkuu, zoea.

Nyanda wa Likoni
Ngojeni niseme kitu kama mtu wa kazi. Kuna mashindano ya mtaani nilikula goti la mshambuliaji hapa juu ya sikio. Nikasimama. Kocha akauliza "uko sawa?", nikasema niko sawa, wakanimwagia maji. Krosi iliyofuata niliiona imegawanyika, nikadaka ule mpira ambao haukuwepo. Kila mtu uwanjani akasema nimelewa. Mpaka leo sikumbuki kipindi cha pili kiliishaje.

Sasa chukueni lile shuti la Bale, dakika ya 83. Mpira umepigwa mbali sana kwa mguu wa kushoto, unakuja umenyooka kwake, lakini unacheza angani. Mpira wa namna hiyo hauudaki. Unapiga ngumi au unausukuma juu ya mwamba, kwa sababu hujui sekunde ya mwisho utageukia wapi. Karius alikwenda na viganja vyote viwili, nusu anadaka, nusu anasukuma, mpira ukapita juu ya vidole. Kop atasema ni ujinga wa ufundi. Mimi naona mtu aliyebadilisha uamuzi katikati kwa sababu macho yamemwambia mpira uko pale, na haupo pale. Lile la Benzema ndilo linalonisumbua zaidi. Benzema yuko mbele yake, hatua chache, hajajificha. Kipa yeyote, hata wa daraja la nne, hurushi mpira usawa wa mguu wa mtu unayemwona. Basi jiulizeni kama alimwona.

Mbavaria
Au aliharakisha. Makipa huharakisha. Unafanya udaktari kwa video.

Nyanda wa Likoni
Udaktari walifanya wenye digrii, Boston. Mimi naeleza kinachotokea golini.

Kop ya Magomeni
Walimpima siku tano baada ya mechi! Na mwezi wa saba, mapumziko yameisha, kirafiki na Tranmere akatema tena, na Dortmund akatema tena. Na hapo nako ni Ramos? Klopp angeendelea na yule mtu tungechukua kombe Madrid 2019? Alisson alipokuja ndipo ukuta ulipotulia, hata mtoto anajua.

Binti Unguja
Unathibitisha anachosema Kona bila kujua. Mtu katoka kwenye mtikisiko wa ubongo, katukanwa dunia nzima, katishiwa maisha mtandaoni, wiki sita baadaye anarudi golini na kila mpira watu wanashika simu kurekodi. Ulitaka atulie vipi?

Na kabla ya hapo, msimu ule ule, Porto 5-0 na 0-0, Man City 3-0 na 2-1. Nani alikuwa golini? Roma waliwafunga mabao manne kule kwao, sawa, lakini mechi zote mbili Liverpool walifunga saba wakapita 7-6. Hiyo safari ya kwenda Kyiv hamkumlalamikia.

Kop ya Magomeni
Walifunga kina Salah, Mané na Firmino. Kipa alikuwa abiria.

Nyanda wa Likoni
Yaani mkishinda kipa ni abiria, mkishindwa yeye ndiye dereva. Asante kwa kuliandika, sasa kila mtu amelisoma.

Mswahili wa Ruhr
Naishi Gelsenkirchen, niwape ya huku. Karius alikuja Schalke, klabu ya mji huu, Januari 2025, daraja la pili, mkataba mfupi kwa sababu hakuna aliyejua kilichobaki kwake. Msimu huu wa 2025/26 ndiye namba moja. Msidhani daraja la pili ni shamba la wastaafu, uwanja unaingiza zaidi ya watu 60,000 na hawa watu wa migodini hawana subira na kipa. Hapa ndipo alipozaliwa Neuer, hapa alipoondokea kwenda Bayern 2011, wanajua kipa ni nini. Na Karius wamempokea.

Mbavaria
Daraja la pili ndilo jibu la swali la mleta mada. Asante kwa kulifunga.

Mswahili wa Ruhr
Umesoma ulichotaka. Mtu aliyetoka Beşiktaş kwa ugomvi wa mshahara, akakaa Union Berlin karibu bila kucheza, Liverpool ikamwacha 2022, bado yuko golini akiwa na miaka 32. Wangapi wangeacha?

Bwana Kona
Mmesahau alipokuwa Newcastle. Fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Februari 2023. Kipa wao Pope ana kadi nyekundu aliyopewa wiki moja kabla dhidi ya Liverpool, kwa kudaka mpira nje ya boksi. Kipa wa pili Dúbravka haruhusiwi, alishacheza kombe hilo akiwa Man United kwa mkopo. Anabaki Karius, ambaye hajacheza mechi ya mashindano miaka miwili. Wakafungwa 2-0, Casemiro na lile la Rashford lililomgonga Botman. Hata moja halikuwa lake, na aliokoa shuti la Weghorst kwa ncha za vidole. Kuna aliyelipiga picha hilo akalirusha kwenye kijiwe hiki?

Hala Tegeta
Kushindwa ni kushindwa.

Binti Unguja
Mimi nitasema kilichonileta kwenye uzi huu, na naomba mnisome kwa utulivu. Wajerumani wana kipa mwingine, Robert Enke. Akiwa golini Barcelona 2002 walifungwa 3-2 na timu ndogo ya Novelda, beki wake Frank de Boer akamlaumu hadharani. Baada ya hapo alicheza mara chache tu pale. Baadaye Hannover akawa kipa bora, akaitwa timu ya taifa, huku akiumwa sonona kwa siri kwa sababu kipa hatakiwi kuonekana dhaifu. Novemba 2009 alijiua, ana miaka 32. Mkeo, mumeo, mwanao akisoma maneno yenu kuhusu "abiria" na "hakuwa kipa", mnataka ajifunze nini? Sisemi msimkosoe Karius. Kosoeni mikono yake. Acheni kumcheka.

Kop ya Magomeni
Enke namheshimu, Mungu amrehemu. Lakini usinipake damu mimi kwa kusema kipa wetu alitema mpira. Nimelipia king'amuzi miaka kumi kuitazama timu hii, nina haki ya kuumia.

Binti Unguja
Hakuna aliyekunyima kuumia.

Mpira Mwendo
Swali la kiufundi: kwani Klopp hakuweza kumtoa? Mignolet si alikuwa benchi?

Nyanda wa Likoni
Alikuwepo. Tena UEFA tangu 2014 walishaweka utaratibu wa mwamuzi kusimamisha mchezo mpaka dakika tatu ili daktari ampime aliyegongwa kichwa. Badiliko la ziada la mtikisiko wa ubongo ndilo lilikuja baadaye, likaanza kujaribiwa 2021. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Kiwiko na goli la Benzema vimeachana kama dakika mbili tu. Mleta mada auliza kama Karius alikuwa kipa wa kiwango. Mimi nauliza nani alitakiwa kumsimamisha katika dakika mbili zile, mwamuzi, daktari au benchi. Kop, umetazama timu hii miaka kumi, nijibu hilo.

Kop ya Magomeni
Nitakujibu. Kwanza nijibu wewe: ungekuwa yeye, ungekubali kutoka?

Nyanda wa Likoni
La. Ndiyo maana haikupaswa kuwa hiari yake.