Faili inatoka chumba hiki kwenda kile, kifurushi cha intaneti kinahusikaje?

Wakuu, majibu ya humu yamezidi. Mtu akilalamika kwamba kunakili faili kati ya kompyuta mbili za nyumbani kunatambaa, wa kwanza anamwambia aongeze kifurushi, wa pili anamwambia azime ruta aiwashe. Faili hiyo haitoki nje ya nyumba! Chomoa kabisa waya wa mtoa huduma, kasi itabaki ileile. Mnawapotezea watu hela.

Anza na namba. Kompyuta inaponakili inaonyesha megabaiti, maboksi ya ruta yanatangaza megabiti, na baiti 1 ni biti 8. Ukiganda kwenye megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, hazipandi hazishuki, ujue laini yako imekubaliana megabiti 100. Gigabiti (yaani megabiti 1000) iliyo nzima inatoa kama megabaiti 110. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike Get-NetAdapter, kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi ya mtandao. Jibu linatoka papo hapo, ila watu wako radhi wabishane kurasa nzima kuliko kuandika neno moja.

Mkosaji wa kwanza ni ruta yenyewe. Boksi limeandikwa 1200 kwa wino mnene, kumbe matundu ya waya ni ya megabiti 100. Hiyo 1200 ni 300 ya bendi ya GHz 2.4 ikajumlishwa na 867 ya GHz 5, halafu wakaizungusha juu. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta 10/100/1000. Ikiishia 100, hakuna mpangilio wa kukuokoa. Nunua swichi ya gigabiti (kile kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao), kompyuta zote zichomeke humo, ruta ipate waya mmoja tu kutoka kwenye swichi.

Mkosaji wa pili ni fundi aliyebana plagi za waya, na huyu ndiye anayenipandisha presha. Megabiti 100 hutumia pea mbili tu (pea ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja), pini 1, 2, 3 na 6 za plagi. Gigabiti inataka pea zote nne. Pini ya 4, 5, 7 au 8 isipobanwa sawasawa, kadi nyingi hushuka kimyakimya hadi 100 na intaneti inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kuna kibaya zaidi: anayepanga rangi kwa mfuatano wa pea, ncha zote mbili sawa. Testa, kile kipima waya, inawasha taa zote nane, anakunja hela anaondoka. Lakini pini 3 na 6 lazima zitoke kwenye pea moja iliyosokotwa. Zikitoka pea tofauti, ishara zinaingiliana na pakiti (vipande vya data) zinapotea. Mpangilio ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto usifumuliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya plagi. Kwangua waya kwa kisu pia. Ndani pakiwa peupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe ulikoinunua.

Waya ukiwa safi, tenga mtandao na diski. Tumia iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao: kompyuta moja iendeshe iperf3 -s, nyingine iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, kisha rudia ukiongeza -R ili upime upande wa kurudi. Ukipata karibu megabiti 940 pande zote na kunakili bado kunatambaa, mtandao hauna kesi. Diski ya nje iliyo kwenye USB 2.0 haivuki sana megabaiti 40. Na maelfu ya picha ndogondogo yatakuwa mazito popote, maana kila faili inafunguliwa na kufungwa peke yake. Zifunge kwenye zip moja kwanza.

Wi-Fi kwa Wi-Fi? Kila pakiti inapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka, hivyo kasi inagawanyika nusu. Angalau moja iwe kwenye waya.

NYONGEZA: Wanaoshauri kulazimisha kasi kwenye mipangilio ya kadi, acheni. Ukilazimisha 100 ya kutuma na kupokea kwa pamoja upande mmoja, na upande wa pili ukabaki otomatiki, ule wa pili unaangukia kutuma na kupokea kwa zamu. Hapo pakiti zinagongana, na kasi inakuwa mbaya kuliko mlivyoanza. Rudisheni otomatiki pande zote mbili.