Mama mkwe kanikuta nimeinama kama mbwa, mimba ina wiki 23. Niache yoga?

Fundi_Sketi

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Mimba ya kwanza, wiki ya 23. Januari mnaijua wenyewe, ni sare za shule tu, sketi za marinda usiku na mchana. Nakaa kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi, nikiinuka jioni kiuno hakinyooki, natembea nimeshika ukuta kama bibi kizee. Mteja wangu mmoja akanionea huruma, akanirushia video ya yoga ya wajawazito. Mwalimu mwenyewe ana tumbo kunishinda mimi, lakini anajikunja kama utepe wa kupimia. Nikaanza taratibu, dakika ishirini, mara nne kwa wiki, mkekani chumbani kwangu. Wiki ya pili kiuno kikapoa. Nalala.

Jumamosi mama mkwe, aliyekuja kunitazama kutoka Korogwe, akafunua pazia bila hodi. Akanikuta viganja chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia. Yowe alilopiga jirani alitoka na mwiko mkononi. "Unammwaga mtoto!" Nikamkalisha, nikamweleza. Akasema mjamzito hainami hivyo, na tena asinyanyue mikono juu ya kichwa kwa sababu kitovu kinamzunguka mtoto shingoni. Halafu akauliza ule mkao wa mwisho, wa kulala chali kimya umefumba macho, unaitwaje. Na mimi kwa ujinga wangu nikamtajia: mkao wa maiti. Jamani. Mchana hakula.

Sasa kuna jambo sijamwambia. Alhamisi, nikiwa kwenye huohuo wa maiti, kama dakika ya tano hivi, nikatokwa jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu, macho yakaingia giza. Nikageuka kufuata chupa ya maji, ikaisha. Nikasema ni joto, maana chumba ni cha bati na ilikuwa saa tisa mchana.

Kadi ya kliniki inasema presha 110/70, damu 10.4, na kipimo cha picha cha wiki ya 20 kilionyesha kondo la nyuma liko juu. Niendelee au niache? Na nikiendelea, kipi nisifanye? Naomba majibu ya watu waliopitia, siyo ya kunitisha. Wa kunitisha ninaye ndani ya nyumba.

Mzee wa Busara

Bibi zetu walilima na mimba za miezi tisa, hawakujua yoga wala kliniki, na walizaa kumi. Nyie wa siku hizi mnajitafutia mambo.

Fundi_Sketi

Mzee wangu, bibi yako alikuwa anatembea, anainuka, anainama, anachuchumaa. Mimi nimekaa saa tisa nzima kwenye stuli. Ukinipa shamba hapa Tabata, nitalima.

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, sasa nafuga kuku. Nianze na lile ulilolisema kama jambo dogo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yowe la mama mkwe: Alhamisi.

Lile halikuwa joto peke yake. Kando ya uti wa mgongo, upande wa kulia, kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu na nyonga kwenye moyo. Mfuko wa uzazi ukishafika usawa wa kitovu, na wako umeshafika, ukilala chali unaukalia mshipa huo kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Damu inayorudi inapungua, presha inashuka, ndipo jasho la baridi na giza la macho. Ulipogeuka kufuata maji, mguu ukatoka juu ya mpira. Ndiyo maana ikaisha papo hapo. Joto lisingeisha kwa kugeuka ubavu.

Kwa hiyo mama mkwe wako ameukataa mkao unaostahili kukataliwa, ila sababu siyo jina. Sababu ni chali. Kuanzia leo malizia kwa kulala ubavu, wa kushoto ndio mzuri zaidi, mto mmoja kati ya magoti na kanga iliyokunjwa chini ya tumbo. Usipopenda ubavu, jaza mito nyuma ya mgongo uwe nusu umeketi. Na ukishtuka usiku ukajikuta chali usipagawe, wewe geuka uendelee kulala.

Kitovu shingoni. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa nacho shingoni. Wengi wao unaingiza kidole, unakipitisha juu ya kichwa, mtoto analia, unaandika kwenye kitabu. Ni mtoto anayejizungusha mwenyewe akiogelea mle ndani. Mikono yako inaishia kwenye mabega, haina njia ya kufika kwenye kitovu chake. Ingekuwa kweli, kila mwanamke aliyeanika nguo kwenye kamba angezaa mtoto aliyefungwa.

Na huo wa kuinama kama mbwa. Mwaka 2015 kule Marekani walichukua wanawake 25 wenye afya, mimba za wiki 35 hadi 37, wakawafanyisha mikao 26 huku wanapima moyo wa mtoto, na huo wa mbwa ukiwamo. Watoto hawakuonyesha tatizo. Ni wanawake wachache, na walikuwa chini ya macho ya wataalamu, kwa hiyo usichukue kama kibali cha kufanya lolote. Lakini kummwaga mtoto, hapana, hamwagiki. Ninachokiogopa mimi ni viganja vyenye jasho kuteleza mkekani, na kiungulia. Wewe una meza ya kukatia vitambaa: weka viganja pale ukingoni, rudi nyuma hatua mbili, nyoosha mgongo. Faida ileile, na kichwa hakiko chini.

Sasa ya kuacha kabisa. Kulala kifudifudi. Kusimama kwa kichwa. Kujisokota kiuno kama unakamua nguo. Ukitaka kugeuka, geuza mabega, tumbo libaki linatazama mbele. Na zile pumzi za kubana kifuani, au za kupuliza harakaharaka kwa kukaza tumbo, hizo siyo zako mwaka huu. Pumzi ya kwako ni ndefu ya kutoka, taratibu, kama unapoza uji. Hiyo ifanye hata ukiwa kwenye cherehani, utaikumbuka siku ya uchungu kuliko mkao wowote.

Joto: kuna watu huko duniani wanalipa pesa kufanya yoga kwenye chumba kilichopashwa moto, na wajawazito wanakatazwa. Wewe chumba cha bati saa tisa mchana Januari umekipata bure. Hamia saa kumi na mbili asubuhi, dirisha wazi, maji karibu, uwe umekula kitu kidogo.

Damu 10.4 ni pungufu kidogo, kwa mjamzito tunataka 11 kwenda juu. Haikuzuii mazoezi mepesi, lakini kizunguzungu kitakuwa karibu nawe kuliko kwa mwenzio. Fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, unameza na nini? Usiniambie chai. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza na maji, au juisi ya machungwa, chai ije baadaye.

Na Alhamisi hiyo ukaiseme kliniki, usiifiche. Ukiwa mazoezini ukaona damu, maji kutoka, tumbo linakaza na kuachia mara kwa mara, kichwa kinauma sana na macho yanaona vimulimuli, kifua kinabana, kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma, au mtoto amepunguza kucheza, hapo hakuna kupumzika kwanza uone. Unakwenda hospitali.

Leso Mbili

Mie niko Kisauni, Mombasa. Shoga, nikuongezee moja ambalo lilinipata.

Miye nilikuwa na viungo vikavu tangu utotoni, hata kukaa kitako vizuri nilikuwa siwezi. Mimba ilipofika miezi mitano nikashangaa: mkao wa kipepeo, nyayo zimekutana, naketi na magoti yanagusa chini! Nikajiona bingwa. Kila siku nikizidisha kidogo, miguu naipanua mpaka mwisho. Siku moja nimetoka kitandani nikasikia mfupa wa mbele, hapa kwenye kinena, kama umekatwa kwa msumeno. Kutoka hapo mpaka kujifungua nilitembea kama bata. Ngazi nilikuwa napanda mguu mmoja mmoja, na kuvaa chupi lazima nikae.

Daktari wa mazoezi akanieleza kwamba mimba ina homoni yake, relaksini, inalegeza zile kano zinazoshika mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Ule ulaini haukuwa wangu, ulikuwa wa kuazimwa. Basi akanambia nisifike mwisho wa uwezo wangu, niishie kama robo tatu. Na ule wa kusimama kwa mguu mmoja, mti sijui, nishike ukuta, au niuache kabisa.

Kilichonifaa sana kilikuwa mkao wa paka: unapiga magoti na viganja chini, unauvimbisha mgongo juu, unaurudisha. Mgongo ulionyooka tu hivi ulikuwa unatosha nikichoka. Magotini nilikuwa naweka leso imekunjwa mara nne.

Mtumishi

Dada, kabla ya yote, hiyo yoga ni ibada ya miungu ya Kihindi. Mimba ikabidhi kwa Mungu.

Fundi_Sketi

Mtumishi, asante. Asili yake ni India na dini zao, hilo silikatai. Mimi hakuna maneno ninayoimba pale, najinyoosha kiuno, na nikimaliza nasali sala yangu ileile ya kila siku. Asiyeridhika moyoni asifanye, aite mazoezi ya kiuno.

Mama Mkunga, shikamoo tena. Nimesoma mara tatu. Fefo nilikuwa nameza na chai ya rangi, umejuaje? Swali: kwa wiki nifanye kiasi gani? Na huyu dada yangu, wifi, ana miezi minne na anataka kuanza na mimi. Yeye alishonwa mlango wa kizazi baada ya mimba mbili kutoka.

Mkunga Mstaafu

Marahaba. Wote wanameza na chai, ndivyo nilivyojua.

Wewe: Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki kwa mjamzito asiye na tatizo, na hapo kutembea kunahesabiwa. Nusu saa, siku tano. Kipimo chako ni mdomo: uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Na kila nusu saa inuka kwenye hiyo stuli, hata kama ni kwenda kuchungulia mlangoni.

Wifi yako hapana. Aliyeshonwa hafuati video ya simu, wala hafuati ushauri wangu mimi ambaye sijamwona. Anamsikiliza daktari aliyemshona, neno kwa neno. Vilevile mwenye kondo la nyuma lililokaa chini, juu ya mlango wa kizazi, na mimba imeshavuka wiki 26, mwenye presha ya mimba, au aliyevujiwa na maji. Hao mazoezi yanasubiri. Mwambie akae nawe ahesabu pumzi, hilo halina ubaya.

Baba Wawili

Naongeza upande wa wanaume. Mke wangu alifanya yoga kwenye mimba ya pili, kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni asianguke na kumwinua chini. Fundi, usiinuke kwa kujivuta na tumbo kama mtu anayefanya mazoezi ya jeshi. Geuka ubavu, sukuma kwa mkono, kaa, halafu simama. Na mumeo yuko wapi kwenye hii hadithi?

Fundi_Sketi

Mume ni dereva wa lori, yuko njiani Tunduma. Alichosema ni "msikilize mama", bila kutaja mama yupi.

Wadau, nimerudi na mrejesho. Jumatatu nilikwenda kliniki, na mama mkwe akataka tuongozane. Nikaona ndiyo nafasi. Nesi nikamweleza Alhamisi yote, akanipima presha nikiwa nimelala ubavu, kisha nimekaa, akasikiliza moyo wa mtoto, mzima. Akasema karibu yaleyale aliyosema Mama Mkunga, ila kwa ukali zaidi. Damu atanipima tena mwezi ujao. Kuhusu kitovu, mama mkwe alimuuliza mwenyewe. Nesi akacheka, akamwambia yeye wake wa kwanza alizaliwa nacho shingoni na sasa ni askari.

Njiani kwenye daladala hakusema neno mpaka Barakuda. Halafu akaniuliza:

"Hilo la kulala kama maiti umeacha?"

"Nimeacha, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nalala ubavu."

"Basi hayo mengine fanya. Ila funga mlango, siyo pazia. Watu wanakuja kuchukua sketi zao wanakukuta hivyo."