Ni Robert Cheruiyot yupi? Majina yanayofanana katika michezo na muziki

Mwana wa Kondele (Kisumu) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Jumamosi iliyopita niliendesha shindano la chemsha bongo kwa vijana wa mtaa wetu, na swali moja likanitia aibu mbele ya ukumbi mzima. Niliuliza ni Mkenya gani aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mara tano, na kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika Robert Cheruiyot: 2003, 2006, 2007, 2008 na 2010. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, akasema bila hata kusimama kwamba hao ni watu wawili. Je, ni kweli? Kama ni kweli, naomba mifano mingine ya wanamichezo na wanamuziki, kwa kuwa nataka duru nzima ya maswali ya aina hiyo.

Mkaazi wa Nakuru amejibu:

Mzee huyo amesema kweli. Aliyeshinda mara nne za kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, yule yule aliyeteleza kwenye mstari wa mwisho wa mbio za Chicago mwaka wa 2006, akaanguka chali na kugonga kichwa huku ushindi ukiwa wake. Wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyetumia muda wa saa 2, dakika 5 na sekunde 52, ambao ulikuwa rekodi mpya ya Boston hadi Geoffrey Mutai alipoivunja mwaka uliofuata. Kwetu Wakalenjin, Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa alfajiri, na Kiprono ni aliyezaliwa jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani. Kwa hiyo anayeyaacha majina hayo ya katikati ili kuokoa nafasi huwa amefuta asubuhi na jioni kwa mpigo mmoja.

Jihadhari pia na Moses Tanui na Moses Kiptanui. Wote wawili walipata dhahabu katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka wa 1991, Tanui katika mita 10,000 na Kiptanui katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Marehemu baba yangu, redio ikiwa sikioni, alishikilia kwa wiki nzima kwamba ni mtu mmoja mwenye mapafu mawili ya ziada.

Mpenzi wa Benga amejibu:

Katika muziki, anza na jina Kabasele. Joseph Kabasele wa Kongo, aliyeitwa Grand Kallé, aliongoza bendi ya African Jazz na kuimba "Indépendance Cha Cha" mwaka wa 1960. Pepe Kalle wa bendi ya Empire Bakuba, pia wa Kongo, aliyefariki mwaka wa 1998, jina lake halisi lilikuwa Jean Kabasele Yampanya. Kisha yuko wetu wa Kenya, Ochieng Kabaselleh wa bendi ya Luna Kidi. Kwa Waluo, Ochieng ni mtoto aliyezaliwa jua likiwaka, na ukiliita jina hilo pale stendi ya Kisumu watageuka watu kumi; mzigo wote wa kumtambulisha ukabebwa na Kabaselleh.

Mkaazi wa Nakuru ameongeza:

Ukitaka swali linalounganisha muziki na michezo, muulizie Roger Taylor wa Uingereza. Mmoja ni mpiga ngoma wa bendi ya Queen, wa pili ni mpiga ngoma wa bendi ya Duran Duran, na tarehe 13 Julai 1985 wote walipiga katika tamasha la Live Aid, wa Queen London na wa Duran Duran Philadelphia. Wa tatu ni mcheza tenisi aliyefika nusu fainali ya Wimbledon mara tatu, na mwaka wa 1970 alimwondoa Rod Laver huko huko.

Mwana wa Kondele amejibu:

Nawashukuru. Swali langu sasa litasomeka hivi: "Taja jina la katikati la Robert Cheruiyot aliyeshinda Boston mwaka wa 2010." Yule mzee nimemwomba awe mwamuzi, na chai yake nitalipa mimi.