Ushauri wakuu: Dodoso langu la vijana na mitandao limejaa uongo

Habari za jioni wakuu. Nasoma masters, utafiti wangu ni madhara ya mitandao ya kijamii kwa wanafunzi wa sekondari. Wiki iliyopita nikaenda kujaribisha dodoso shule moja ya bweni, kidato cha tano, watu 30. Swali la 7 nauliza kwa siku unatumia masaa mangapi Instagram, TikTok na WhatsApp. Karibu wote wameandika "situmii simu", na mwalimu wa nidhamu kasimama mlangoni fimbo kwapani, kuna dogo mmoja anaandika hivyohivyo huku simu inanguruma kwenye soksi, darasa zima likaanza kukohoa kuifunika.

Supervaiza anasema niongeze sampuli tu. Nimepiga Yamane, ile fomula ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, imekuja 385. Sasa nikikusanya uongo wa watu 385 si nimeongeza uongo tu? Na nauli inatoka mfukoni kwangu. Mliopita huku mlifanyaje?

Bando la Usiku: Jaza mwenyewe mkuu, nani atasoma hiyo tasnifu 😂

Fundi Namba: Usimsikilize huyo. Hata ukimtoa mwalimu bado mtu hakumbuki, sio lazima awe muongo, nani anahesabu anavyoskroli kitandani? Waambie wafungue setting, Android ina Digital Wellbeing, iPhone ina Screen Time, wasome namba ya wiki wakuandikie. Majina usichukue.

Mama Wawili: Mimi ni mwalimu, tena matroni. Mwaka juzi nilishika kamusi imechimbwa katikati simu imelala humo imetulia. Mtoto hawezi kukuandikia ukweli kwenye karatasi itakayopita ofisini kwetu, atakuwa mjinga? Wafuate likizo, nyumbani. Na usisahau ridhaa ya mzazi, wengi hawajafika 18.

Mtu wa Kando: Me naona shida inaanzia kichwa cha habari. Umeshaandika "madhara", hukumu umetoa kabla ya ushahidi. Watafiti Orben na Przybylski 2019 walichambua data za vijana zaidi ya laki 3 wa Marekani na Uingereza, teknolojia ikaeleza asilimia 0.4 tu, ikizidi sana, ya tofauti za ustawi wao, hata kula viazi kulikuwa na uhusiano mdogo unaokaribiana na huo. Wapo wanaowapinga, wanasema ukiangalia mabinti na mitandao peke yake picha inabadilika. Weka "uhusiano", ulale vizuri.

Bando la Usiku: Viazi tena? Chipsi zangu ziacheni

Mleta uzi: Asanteni, hiyo kamusi imeniua. Jana nimejaribu ya Fundi Namba kwa mdogo wangu yuko likizo, kwa mdomo kasema lisaa, simu inasema masaa 5 na dakika 40. Ila tulipoingia ndani TikTok ilikuwa dakika 50 tu, iliyobaki karibu yote WhatsApp, na kule yuko na grupu la wenzake wanatumiana past papers za Chemistry na umbea humohumo. Yani swali la 7 nimechanganya mchele na mawe, nalivunja upya. Mama Wawili, nikija pm unisaidie maneno ya ile fomu ya wazazi?