Tumepewa kompyuta wodini, lakini uuguzi haumo ndani yake

Ndugu wauguzi wenzangu, pamoja na wakufunzi wa vyuo vya uuguzi na ukunga,

Nina miaka kumi na moja katika wodi ya wazazi hapa Tanzania, na sijawahi kuupinga mfumo wa kielektroniki. Ninachokipinga ni kuambiwa kwamba kazi yetu imerahisishwa ilhali imeongezwa. Mama akipokelewa namwandika kwenye rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, namwandika kwenye faili lake, kisha naisubiri kompyuta moja inayotumiwa na wodi nzima ili niyaandike yale yale kwa mara ya tatu. Mama ambaye uchungu wake umekolea anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na usiku tukiwa wauguzi wawili kwa akina mama tisa, nusu saa hiyo ndiyo inayoliwa na kompyuta.

Ukiufungua mfumo wenyewe ndipo unapoona ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Dawa ina sehemu yake, glovu zina sehemu yake, hata kitanda kina sehemu yake, kwa kuwa vyote hivyo vinaingia kwenye bili na kwenye madai ya bima. Nilipotaka kuandika kwamba mama aliyejifungua jioni ameloanisha pedi mbili ndani ya saa moja, kwamba mji wa mimba ulikuwa umelegea na nimeukanda, sikupata pa kuandika isipokuwa kisanduku cha "maelezo mengine", ambacho daktari hakioni mpaka akitafute. Kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama ndani ya saa chache, na taarifa ya namna hiyo imefichwa nyuma ya bei ya bomba la sindano!

Kuna na suala la nywila. Muuguzi mpya hukaa wiki kadhaa bila kupewa ya kwake, hivyo hutumia ya muuguzi kiongozi, na wanafunzi nao hutumia hiyo hiyo. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake ndiye aliyetoa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, saa nane za usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nasi tunazifungua kwa nywila iliyoandikwa kwenye plasta na kubandikwa ukutani. Likitokea la kutokea, nani ataitwa kujieleza mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga?

Kwa upande wa vyuo, wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo wananieleza kwamba somo lao la kompyuta lilikuwa kuchapa barua na kuchora jedwali. Marekani iliitambua informatiki ya uuguzi, yaani taaluma ya kutumia taarifa na kompyuta katika kazi ya uuguzi, kuwa fani ya ubingwa tangu mwaka 1992. Sisi tunazijumlisha takwimu za mwezi kwa mkono, zinapelekwa wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, na wodini kwetu hazirudi kamwe. Mwanafunzi hafundishwi kuzisoma takwimu za wodi yake mwenyewe, akajiuliza kwa nini watoto waliozaliwa wamechoka kwa kukosa hewa ni wengi mwezi huu kuliko uliopita, wala hafundishwi kuukataa mfumo unaomnyima nafasi ya kuandika alichokiona kwa macho yake. Kuchapa barua atajifunza popote. Hilo la pili asipofundishwa na sisi hatafundishwa na mtu.

Hospitalini kwetu kimeitishwa kikao cha kuujadili mfumo mpya. Walioalikwa ni wahasibu, watu wa TEHAMA na madaktari wawili. Nimemwandikia barua mganga mfawidhi nikiomba muuguzi mmoja tu wa zamu ya usiku aingie kikaoni, na nimejibiwa kwamba wauguzi watapewa mafunzo ya siku mbili mfumo utakapokuwa umekamilika.