HSRP: faiba imekatika lakini R1 haitaki kuachia usukani

dogo_wa_igombe
Wakuu shikamooni. Naangalia netiweki ya ofisi moja ya samaki huku Igombe, Mwanza, rauta ziko 2, R1 imeshika faiba na R2 imeshika redio ya intaneti inayotazama mjini. HSRP (rauta mbili zinashika geitiwei moja, moja ikifa nyingine ichukue) grupu 10, geitiwei ya mashine zote, yaani mlango wa kutokea nje, ni 192.168.10.1, R1 ni .3 nimeipa prayoriti 110 (mwenye kubwa ndo anashika usukani), R2 ni .2 nimeiacha na 100 yake ya kuzaliwa. R1 nimeweka preempt (ruhusa ya kunyang'anya usukani ukiwa na prayoriti kubwa) na traki kwenye intafesi ya faiba (faiba ikifa prayoriti ishuke). Sasa jana greda limekata faiba saa nne asubuhi, magari ya barafu yamepanga foleni nje yanasubiri karatasi, intaneti hamna, na R2 imetulia tu na redio yake nzima. Nilizima R1 kwa mkono ndo mambo yakaenda. Hii traki ni pambo au?

mzee_wa_rack
Marahaba. Faiba bado imekatika? Basi washa R1 halafu weka hapa show standby brief (amri ya kuona hali ya HSRP) ya zote mbili, tusipige ramli.

dogo_wa_igombe
Bado mkuu, mafundi wanasema jioni. Hizi hapa

R1: Gi0/1 10 100 P Active local 192.168.10.2 192.168.10.1
R2: Gi0/1 10 100 Standby 192.168.10.3 local 192.168.10.1

mzee_wa_rack
Traki yako imefanya kazi, angalia vizuri, R1 ilikuwa 110 sasa inasoma 100. Usipotaja namba yako HSRP inakata 10, sasa 110 toa 10 ni sare na R2, na kwa sare nani amnyang'anye nani, hata ukivunja sare kwa IP, ya R1 ndo kubwa. La pili, mstari wa R2 hauna ile herufi P, maana yake hujaiwekea preempt, kwa hiyo hata R1 ingeshuka mpaka 50 R2 ingekaa vilevile. Ujue R2 haijui habari za faiba, yenyewe inasikia helo za R1 kupitia LAN (netiweki ya ndani) kila sekunde 3 na LAN ni nzima. Ni nahodha ambaye injini imezima katikati ya ziwa ila bado anapiga kelele nipo nipo, msaidizi hawezi kugusa usukani.

R1: standby 10 track 1 decrement 20
R2: standby 10 preempt

Inashuka 90, R2 inachukua. Faiba ikirudi R1 inapanda 110 na preempt yake inairudisha. Preempt ya R1 iongezee delay kidogo, ikiwaka upya isikimbilie kazi kabla ruti hazijakaa.

bi_kebo
Naongezea hapo, wanaohamia VRRP (ndugu yake HSRP, kazi ileile) wasikariri hii, kule preempt huja imewashwa tayari, ya HSRP lazima uandike mwenyewe. Na GLBP (ndugu mwingine, anayegawa kazi kwa rauta zote) traki haigusi prayoriti, inakata weight, yaani uzito wa rauta.

Ila dogo umebahatika faiba yako inaingia kwenye rauta moja kwa moja. Mimi niko Kirumba, R1 yangu inapita swichi kwanza ndo iende kwenye redio, siku mvua ya ziwa inashuka alfajiri redio inakufa lakini taa ya intafesi iko kijani, line-protocol (hali ya laini) iko up, traki haioni kitu, prayoriti haishuki hata 1. Nikahamia IP SLA, rauta inapingi IP iliyo mbele huko kwa mtoa huduma, ikikosa jibu ndo prayoriti inakatwa. Hiyo IP iwekee ruti yake ipite WAN (upande wa nje) ya R1 tu, la sivyo pingi itazunguka kupitia R2, itajibiwa, traki itasema kila kitu shwari. Na weka delay down 10 up 60 (sekunde za kusubiri kabla ya kuhama na kabla ya kurudi) kwenye traki, maana radi za huku zikianza geitiwei itahama na kurudi kama mpira wa chandimu.

dogo_wa_igombe
Asanteni sana wakuu. Nimeweka decrement 20 na preempt kwa R2, palepale R2 ikaandika Active. Mafundi wamemaliza saa kumi na mbili jioni, R1 ikarudi yenyewe, nikachomoa faiba makusudi huku pingi inatembea, zimepotea 2 tu. Bi kebo kesho nakuja na maswali ya IP SLA, leo bosi kashanipa sato niende nyumbani 😂