Mnaofungua saluni: hilo kabati la mwanga wa buluu haliui kitu

Wakuu, leo hatupakani mafuta. Saluni mpya zinafunguliwa na vioo ukuta mzima, viti vya kuzunguka, taa za rangi. Ukiuliza vitana vinasafishwaje, unaoneshwa kikabati chenye mwanga wa buluu, basi, maswali yamekwisha. Ndani kimelazwa kitana chenye mba na nywele za mteja wa asubuhi.

Kikabati hicho ni cha KUHIFADHIA vifaa vilivyokwisha kusafishwa. Mionzi ya UV (urujuanimno) inayodaiwa kuwa humo inaua vimelea inapogusa tu. Upande wa chini wa kitana haigusi, katikati ya meno haigusi, chini ya mafuta na uchafu ndiyo kabisa. Na buluu yenyewe si ushahidi, kwa sababu UV haionekani kwa macho. Unachokiona kinaweza kuwa balbu ya kawaida tu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kihivyo. Toa nywele zote, sugua kwa maji ya sabuni na brashi, suuza, ndipo uloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji. Ukiruka kusugua, jiki inamalizia nguvu yake kwenye uchafu na vimelea vinabaki. Jiki ya asilimia 5 changanya kipimo 1 kwa maji vipimo 9; ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji 6. Zote zinakupa asilimia 0.5. Dakika 10 kifaa kikiwa kimezama chote, si nusu kimesimama kwenye glasi kama maua. Suuza, kausha. Mchanganyiko ni wa siku moja, kesho unatengeneza mwingine. Hapo unahitaji seti mbili za vitana, moja kazini na moja kwenye dawa. Saluni yenye vitana vinne na viti vitatu haijawahi kuloweka chochote, msidanganyane.

Jiki inakula chuma, kwa hiyo meno ya mashine ya kunyolea yafungueni, yapigwe brashi, kisha spiriti ya asilimia 70, yaachwe yakauke yenyewe. Kupuliza spiriti na kufuta sekunde hiyo hiyo ni maigizo. Spiriti ya asilimia 99 si bora zaidi: inaruka haraka mno na inakosa maji ya kuisaidia kuua. Mapunye yanahama kwa njia hii hii, kichwa hadi kichwa. Wembe ni mteja mmoja, unatupwa, kwa sababu kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Sasa relaksa, ile dawa ya kunyoosha nywele, hapa ndipo hasira yangu kubwa ilipo. Mtu anafungua saluni MAJI HAYAJAUNGANISHWA, ana ndoo na jagi, halafu anapaka dawa yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 14! Hiyo ni kostiki soda, jamani. Hata zile zinazouzwa kama laini, za kuchanganya pakiti mbili, bado ni alkali kali. Ngozi inapakwa mafuta ya mgando kwanza, hasa kwenye kingo za nywele na masikio. Aliyejikuna, aliyefumua misuko leo au mwenye kidonda arudishwe nyumbani. Muda unahesabiwa kwa saa, sio kwa umbea. Mteja akisema inawasha, unaosha papo hapo. Ile "vumilia kidogo ishike" ndiyo inayoacha mabaka yasiyoota nywele. Maji ya uvuguvugu yanayotiririka kwanza, mpaka krimu yote itoke, ndipo shampuu ya kuzimua alkali iliyobaki. Shampuu haichukui nafasi ya maji. Ikiingia jichoni ni bomba dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Msitie ndimu wala siki eti inapoza alkali; mnaongeza jeraha juu ya jeraha.

Rangi: jaribio dogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, kwa sababu ya PPD, kemikali ya rangi inayoweza kuleta mzio. Hina nyeusi mara nyingi ina PPD pia, usiiite ya asili. Na jiki isikutane kamwe na rangi yenye amonia kwenye sinki moja, ule moshi unachoma mapafu.

Keratini ya kunyoosha ndiyo ujanja mwingine. Chupa imeandikwa haina fomaldehaidi, geuza nyuma usome: methilini glaikoli. Ikipigwa pasi ya nyuzi 230 inatoa gesi ile ile, ambayo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 2004. Feni ya darini inaisambaza tu kwa kila aliyeketi. Kinachotakiwa ni feni ya kufyonza, karibu na kiti, inayotoa hewa nje, na anayevuta pumzi nyingi zaidi humo ni msusi, siku sita kwa wiki.

Umeme nao. Draya ya wati 2,000 kwenye volti 230 inakula karibu ampia 9. Mbili kwenye ekstensheni moja ya ampia 13 ni zaidi ya 17, ndiyo maana plagi inalainika na soketi inakuwa ya kahawia. Kila draya soketi yake ya ukutani, mbali na sinki, na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Fundi akikwambia si lazima, tafuta fundi mwingine.

NYONGEZA: wanaouliza wembe uliotumika utupwe wapi, si kwenye mfuko wa nywele, anayezoa taka ana mikono. Dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likifika robo tatu linafungwa.